Kilima Kisicho na Kisogo

Ofisini tulimwita Bi Mwinuko, na hakuchukia. Kazi yake ya miaka yote ilikuwa kupima ardhi imeinuka wapi na imeshuka wapi, na hata nje ya kazi aliangalia dunia kwa jicho hilohilo. Ukimkaribisha kwako, kabla hajasifia makochi atakuambia maji ya mvua yataingilia mlango gani. Mimi nilikuwa dereva wake. Siku ya kwanza kabisa nilimweleza kwamba mimi na milima hatuna haja ya hesabu: mlima ni pale gari linapoomba gia namba moja, basi. Alicheka mpaka akavua miwani, na tangu hapo jina langu likawa Gia. Lile la kwenye kitambulisho wanalijua wahasibu tu.

Dereva wa ofisi ya ramani kazi yake kubwa ni kusubiri. Nimesubiri kwenye chumba cha Bi Mwinuko kuliko nilivyokaa sebuleni kwangu. Kilikuwa ghorofa ya pili, dirisha moja, feni yenye kikohozi, mashine pana ya kuchapia ramani iliyokula nusu ya chumba, na birika la umeme lililokatazwa na ofisi lakini likichemsha kila asubuhi, mkuu mwenyewe akileta kikombe. Kwa kukaa pale nikaielewa kazi kwa kuchungulia. Ndege ndogo isiyo na rubani inapita juu ya ardhi, inakwenda na kurudi kama mtu anayelima matuta, inapiga picha. Kompyuta inaziunga zile picha, na kinachotoka ni namba. Ardhi yote imekatwa vijumba vidogo mfano wa ubao wa drafti, na kila kijumba kina namba moja inayosema pale pana kimo gani. Hiyo wanaiita modeli ya mwinuko.

Utamu wake unakuja ukiwa na modeli mbili za mahali pamoja, moja ya zamani na moja ya leo. Unatoa ile kwenye hii. Palipobaki vilevile panakuwa peupe. Palipoliwa panakuwa pekundu, palipoongezeka panakuwa bluu. Nimeona mto ukila ukingo wake kidogo kidogo, nimeona jalala la mji likiota na kuwa kilima kuvishinda vilima vya kuzaliwa. Bi Mwinuko alikuwa na msemo wake: "Udongo haufi, Gia. Ukiona umetoka hapa, tafuta ulipokwenda."

Sasa nieleze habari ya kwao, kwa sababu ndiko kisu kilikotoka. Aliwahi kuolewa, kwa muda mfupi kiasi kwamba mwenyewe alikuwa akisahau kuitaja. Mtoto hakujaliwa. Alikuwa na mama, mdogo wake wa kiume, na kilima. Mdogo wake tangu utotoni walimwita Meneja, kwa kuwa kila kazi ya nyumbani aliigawa kwa wengine akabaki anasimamia. Kilima kilikuwa cha baba yao. Mzee kabla hajafa alisimama uani akagawa kwa fimbo yake: upande wa mbele, unaotazama nyumba ya mama, wa Meneja, na lile bega tambarare la upande wa nyuma, linalotazama bonde, la binti, kwa sababu alipokuwa mdogo huko ndiko alikokimbilia kukwepa kuosha vyombo. Ndugu walinong'ona kwamba mtoto wa kike haachiwi ardhi. Mzee akawaambia wakanong'onee barabarani.

Baba alipofariki, Bi Mwinuko aliipimisha sehemu yake akapata hati. Mimi ndiye nilimpeleka. Alipima mwenyewe, kwa mikono yake, akachagua pembe nne na kila pembe tukaisimika jiwe la zege lenye alama juu. Mawe mawili niliyabeba mimi kutoka garini hadi begani kwa kilima, na mgongo wangu ukipigwa na baridi unayakumbuka. Meneja alipandisha saruji kichwani huku akitania kwamba dada yake ana mkono wa birika, maana anaweka mpaka kwa unywele. Tulicheka sana siku ile. Alimshikia dada yake fimbo ya vipimo, akaambiwa aisimamishe wima akaisimamisha wima, akauliza hili na lile, akajibiwa yote. Nilimpenda yule kijana. Naliandika hili kwa kinyongo, lakini nilimpenda.

Kuanzia hapo Bi Mwinuko alibandika ukutani, pembeni ya dirisha, mchoro wa nyumba yake ya kustaafia. Vyumba viwili na baraza linalotazama bonde. Kila mwaka jiko lilihama upande. Niliitwa rasmi kutoa ushauri gari litageuzia wapi, nikasema ni bora nikajua kwanza kama nitapewa chai nikifika. Hakuwa na mpango mwingine wa uzee. Wenzake walinunua viwanja mjini, wakamshauri anunue, akawaambia kwamba yeye hatalala mahali ambapo hajui maji yanaelekea wapi.

Meneja alimpigia simu kila Jumapili. Baada ya habari za mama na mvua alimalizia kwa neno lilelile: "Haya dada, kilima kinakusalimu." Kisha anatuma picha: mama kwenye kigoda mbele ya nyumba, na nyuma yake kilima, kijani, kimetulia. Jumatatu ilikuwa zamu yangu kuonyeshwa picha ile. Nimekisifia kilima kile kuliko nilivyowasifia wanangu.

Tatizo la picha ni kwamba kila picha ina mgongo, na aliyeipiga ndiye anayejua mgongoni kuna nini. Hilo nimelijua baadaye. Miaka ile Bi Mwinuko hakupanda kilimani, na hakuona ajabu, kwa sababu kila alipotaka kwenda palikuwa na sababu ya kutokwenda. Mama alikuwa na kliniki ya macho mjini, kwa hiyo Meneja akasema usijisumbue dada, tutakuja sisi. Mara moja tu tulikwenda, msimu wa mvua, Meneja akatupokea barabarani na mwavuli, akasema njia ya kupandia imeporomoka, atatafuta vijana wa kuitengeneza. Tukala, tukacheka, tukageuza gari. Yeye mwenyewe alitusindikiza mpaka tulipoiacha njia ya vumbi.

Na kuna Jumapili moja Meneja aliuliza: "Dada, hii ndege yenu ndogo inayopita huku siku hizi, inaona mpaka chini?" Bi Mwinuko alifurahi kama mwalimu aliyeulizwa swali na mtoro. Akamweleza yote: kwamba barabara mpya imeletwa kule, kwa hiyo eneo lote linapimwa upya, kwamba ndege inaona kila kitu, na kwamba mahali ambapo picha hazikushika, labda wingu, labda kivuli, wao wanatia kiraka, wanachukua kipande cha modeli ya zamani wanaziba pengo. Alinisimulia Jumatatu kwa fahari. Mdogo wangu ameanza kupenda kazi yangu, alisema.

Wenye kazi hii wana desturi yao. Modeli mpya ikifika, kabla ya kuiamini, kila mmoja anaijaribu kwenye ardhi anayoijua kwa miguu. Mkuu alijaribia uwanja wa mpira alikovunjikia mguu. Vijana walijaribia mitaa wanakoishi. Wakitoka hapo ndipo wanasema modeli ni nzima au ni mgonjwa. Modeli ya upande ule ilipofika, nani angemzuia Bi Mwinuko? Nilikuwa nimekaa na chai yangu. Alitoa ya zamani kwenye mpya, akasubiri, kilima cha kwao kikajichora.

Begani palikuwa pekundu.

Kwanza alicheka. Akasema wamekata miti yangu. Akanieleza kwamba ndege inapima kinachoonekana juu, kwa hiyo mti mrefu ukikatwa modeli inaona kama ardhi imeshuka. Aliudhika kidogo, kisha akasamehe palepale: mama anahitaji kuni, na mikaratusi huota tena. Akabonyeza katikati ya wekundu kusoma namba. Hakuna mti wa kwetu wenye kimo kile. Akasema basi modeli mbili hazikukaa sawasawa, moja imesogea pembeni. Lakini zikisogea, akasema mwenyewe, kila kilima kingekuwa na shavu moja jekundu na jingine bluu, na vilima vya jirani vyote vilikuwa vyeupe. Akakagua paa la shule. Jeupe. Akakagua mwamba wa kando ya mto, ambao haujasogea tangu dunia iumbwe. Mweupe. Nimemwona miaka mingi akitafuta makosa kwenye kazi za watu. Ile ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiomba kosa lipatikane. Angefurahi kuambiwa kompyuta imeharibika. Angefurahi kuambiwa macho yake ndiyo mabovu.

Alilikuza lile eneo mpaka likajaa kioo chote. Shimo lilikuwa na pembe nne.

"Mvua haichimbi pembe, Gia," alisema.

Kisha akayaita yale mawe manne, maana alama zake zilikuwa humohumo kwenye kompyuta tangu siku ile tuliyoyasimika. Vidoti vinne vikatua juu ya pembe nne, kila kimoja mahali pake. Upande wa Meneja, kuanzia kwenye mstari, palikuwa peupe. Hapakuguswa hata kichaka.

Nilitegemea atalia, nikaanza kutafuta maneno. Hakulia. Aliacha shimo, akaanza kusogeza ramani polepole, na nikaelewa anafanya nini: anatafuta udongo ulikokwenda. Haukuwa mbali. Pale barabara mpya inapovuka tope kabla ya kuingia mjini kwao, palikuwa na utepe mrefu wa bluu, tuta la barabara. Alilitazama mpaka chai yangu ikapoa, na mimi nikiwa na kikombe mkononi kama mjinga.

Jumapili simu ikaja kama kawaida. Aliniambia kwamba hakusema neno. Meneja alitoa habari za mama, habari za mvua, akamalizia kwamba kilima kinakusalimu. Naye akajibu, "Nami nakisalimu." Jumatano tukaondoka bila kuaga mtu.

Ile barabara mpya ni nzuri, sitaki kuidhulumu. Lami laini, gari linateleza, na mimi kwa mazoea ya kinywa changu nikaanza kuisifia. Tulipofika kwenye tuta, Bi Mwinuko akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Pole pole hapa, Gia. Tunapita kwenye kiwanja changu."

Nilishusha mwendo. Nyuma yangu lori likapiga honi, nikaliacha lipige.

Hatukuelekea kwa mama. Tulizunguka upande wa bonde, kwenye njia pana ya malori ambayo mimi sikuwahi kujua kwamba ipo, na tukaliona shimo. Nimeendesha gari maisha yangu yote, nimeona machimbo ya kila namna, lakini si kama lile. Ukisimama kwa mama unaona kilima kizima. Ukisimama pale unaona kwamba kimebaki uso tu. Kisogo hakuna. Bega lote limekwenda, limekatwa wima kama mkate, na chini palikuwa na sakafu ya moramu, ule udongo mwekundu wa kujengea barabara, iliyosawazishwa, na mashine ya kuchimbia imelaza mkono. Gari langu lingeweza kuingia mpaka katikati kwa gia namba tatu.

Na mawe yalikuwepo. Hilo ndilo lililonishinda. Yale mawe mawili ya upande wa juu yalikuwa ukingoni palepale tulipoyaweka, na yale mawili ya chini yamesimama kila moja juu ya kinguzo chake cha udongo, mashine imezunguka kwa adabu, haikuligusa hata moja. Mkono wa birika wa dada ulikuwa umemsaidia mtu kuchimba bila kukosea.

Meneja alikuja akikimbia, alipotuona vizuri akaanza kutembea. Alivaa kofia ya plastiki, ile ngumu ya kazini.

"Dada, ungesema unakuja," alisema.

"Ningesema ungefanyaje? Ungeleta mwavuli?"

Akaanza maelezo. Mkandarasi alikuwa anatafuta moramu, moramu nzuri iko kilimani, nafasi kama ile hairudi mara mbili, alikuwa anangoja wakati mzuri wa kumwambia. Bi Mwinuko alikuwa anatazama hewani, mahali fulani juu ya vichwa vyetu, na nilijua anatazama nini. Baraza lingekuwa pale juu. Meneja alipoona kimya kimezidi akaudhika, kama ilivyo kawaida ya mwenye kosa akinyimwa ugomvi.

"Kwani nimekuibia nini?" akasema. "Mawe yako manne yale pale, hakuna aliyeyagusa. Mimi si mwizi, dada. Hati yako inasema urefu kadha na upana kadha. Pima sasa hivi, na mtaalamu ni wewe. Kiwanja hakijapungua hata unyayo."

Bi Mwinuko alikuwa amepatikana. Maisha yake yote alipima kimo cha ardhi za watu, na kwenye hati ya ardhi yake mwenyewe kimo hakimo. Hati ina urefu, ina upana, ina namba za mawe. Haisemi kama unachomiliki ni bega la kilima au shimo. Kisheria kiwanja kilikuwa palepale, kizima, chake. Nilitamani kumpiga kofi yule mtu, nami si mtu wa kupigana. Nilikwenda kusimama upande wa pili wa gari nikajifanya naangalia tairi.

Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, ndivyo tulivyofundishwa. Nilikuwa nimeshayapanga maneno ya kumfariji njiani: kwamba mdogo mtu ni tamaa tu, kwamba mama akijua atalia, kwamba tutamwambia polepole kwa sababu ya presha yake. Tukaenda kwa mama.

Mama alikuwa kwenye kigoda chake cha kwenye picha. Alitukaribisha, akaniuliza hali ya wanangu mmoja mmoja, akaagiza chai. Akamtazama binti yake viatu, vyekundu kwa vumbi la moramu, na kabla hajaambiwa lolote akasema mwenyewe.

"Usimlaumu mwenzako. Nilimwonyesha mimi."

Bi Mwinuko aliketi. Meneja alisimama mlangoni na kofia mkononi, hakuingia wala hakutoka.

"Angechimba mbele, kilima kingenifuata kitandani," mama akaendelea. "Nikamwambia achimbe nyuma. Nyuma hakukuwa na mtu."

"Nilikuwepo mimi, mama."

"Wewe una mshahara, mwanangu. Mwenzako alikuwa na kilima tu."

Alilisema bila ubaya, kama mtu anayegawa chakula na kimepungua, ananyimwa aliyeshiba. Nadhani hilo ndilo lililouma zaidi. Angetukana ingekuwa nafuu. Bi Mwinuko akauliza kwa nini hakuambiwa, mama akajibu kwamba angeambiwa angekataa. Akauliza, na zile salamu za kilima za kila Jumapili je? Mama akatazama chini kidogo.

"Hizo ni zake. Nilimwambia asizidishe."

Chai ikaja. Hakuna aliyeinywa, isipokuwa mimi niliyekunywa yangu yote kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi. Ndipo Meneja akasogea, akachuchumaa mbele ya dada yake kama enzi za utoto, na nikadhani sasa ataomba radhi. Kumbe ana ombi jingine. Hakuwa na kibali cha kuchimba. Ramani mpya ikitoka na shimo, wakaguzi watakuja kuuliza.

"Wewe ndiye unayeitengeneza," alisema. "Mahali pale tia kiraka, dada. Si uliniambia mnatia? Kirudishe kilima kama kilivyokuwa. Nani atapanda kwenda kuangalia?"

Neno kiraka alilitamka vizuri kabisa. Mwanafunzi hakusahau somo. Bi Mwinuko alimgeukia mama, nami najua alitaka mama amkemee, amwambie mwanawe sasa umepita kiasi. Hilo moja tu angelipata, ninaamini angesamehe mengine yote.

"Kwa ajili yangu," mama akasema. "Niache nife ninyi wawili mkiwa pamoja."

Tuliondoka bila jibu. Kwenye tuta mimi nilipita upande wa kushoto kabisa wa barabara, ingawa udongo ni uleule.

Siku iliyofuata, mchana, wenzake walipokwenda kula, alinikuta kwenye kiti changu na hakunifukuza. Alifungua modeli ya zamani, akalikata bega la kilima, akalibandika juu ya shimo. Kazi ya dakika chache. Nilitegemea patabaki kovu, mshono, ukingo usiokaa. Hapakubaki kitu. Kilima kilirudi kizima, uso na kisogo, na pale juu begani hata mimi nisiyejua hesabu niliona patamu pa kugeuzia gari. Mkuu asingejua. Wakaguzi wasingejua. Viraka vya namna ile vimo kwenye kila karatasi ya ramani waliyowahi kutoa, ni halali, vimeruhusiwa.

Alikitazama muda mrefu. Alikizungusha kwenye kioo, akakiangalia kwa upande wa bonde, kwa upande wa mama, kwa juu. Wakati mmoja aliweka kidole kabisa kwenye kioo, jambo ambalo huwagombeza vijana wakilifanya.

"Si kizuri, Gia?"

Nikasema ni kizuri.

"Hati haikuwa na kimo," akasema. "Ramani yangu inacho." Akakiondoa kiraka, shimo likarudi na pembe zake nne, akahifadhi kazi.

Ramani ilitoka. Wakaguzi wakaenda, mashine ikaondolewa, Meneja akaamriwa asimamishe kazi na asawazishe ukingo kabla haujaua mtu. Hakufungwa wala hakufilisika, ingawa ndivyo anavyopenda kusimulia. Lakini ndani ya ukoo hukumu ilitoka haraka kuliko ya wakaguzi: dada amemuuza mdogo wake. Mjomba wao alipiga simu ofisini kabisa kusema damu ni nzito kuliko maji. Shangazi akasema elimu ikizidi huua huruma. Simu zile nyingine zilipokelewa na mimi, kwa kuwa Bi Mwinuko aliacha kuzipokea, na nilimwambia mjomba neno moja ambalo mke wangu ananikataza kulirudia. Hakuna hata mmoja, nasema hata mmoja, aliyempigia kumwambia pole kwa kiwanja. Ukimchimbia mtu shimo ukalisawazisha vizuri, watu watamshangaa yeye kwa kulitaja.

Amestaafu sasa. Amepanga vyumba viwili ghorofa ya chini, mtaa wa nyuma ya ofisi, na siku aliyohamia alinionyesha maji ya mvua yataingilia wapi. Yaliingilia hapohapo. Mchoro wa nyumba aliuacha ukutani ofisini. Kijana aliyerithi meza yake anadhani ni wa mtu aliyejenga.

Jumapili huwa napita kumjulia hali. Meneja hapigi tena, anapiga mama kwa simu ya jirani, na Bi Mwinuko huweka sauti ya nje kwa sababu sikio moja limechoka. Juzi nilikuwepo. Mama aliuliza kama amekula, akalalamikia magoti, akasema mvua mwaka huu imechelewa, na yeye akawa anajibu ndiyo mama, pole mama, huku akikunja nguo. Mazungumzo yakafika mwisho wake.

"Haya mwanangu," mama akasema, "kilima kina..."

Akanyamaza. Tukasikia kuku wa jirani, na mtu akiita mtoto kwa mbali. Bi Mwinuko aliacha kukunja nguo, akasubiri amalizie. Mama hakumalizia, na yeye hakumsaidia.